Uso Uliobaki Shangani

Picha, kwa Kiswahili, husafishwa. Neno hilo nililisikia utotoni, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mpiga picha hupokea kitu kichafu akakifua mpaka nyuso zetu zitokee. Sikuwa nimekosea sana. Ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, karatasi nyeupe huzamishwa kwenye beseni la dawa, ikatikiswa taratibu, na mtu akaanza kujitokeza: nyusi kwanza, kisha macho, kisha mikunjo ya buibui. Dawa nyingine huikamata picha isizidi kuiva ikawa nyeusi tii. Halafu maji, tena mengi, kwani dawa ikisalia kwenye karatasi, picha itakuja kufifia na kugeuka manjano. Kazi ya fundi mwenye haraka hujulikana baada ya miaka thelathini, yeye mwenyewe keshakwenda zake.

Kwenye Barabara ya Kenyatta, mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ipo Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, baada ya kujifunzia kazi katika studio ya A.C. Gomes, Mgoa aliyekuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo wa mji huo. Oza alipiga picha jamaa ya Sultani, akapiga majahazi, vichochoro, harusi, na raia aliyeingia akiwa amepaka mafuta nywele zake kwa ajili ya siku hiyo moja. Mwanawe aliirithi kazi. Mtalii anayepita huziona picha nyeusi na nyeupe zimejaa ukutani, akachagua moja ya kupeleka kwao. Ni sawa, biashara lazima iendeshwe.

Mimi huvutiwa zaidi na kile kisichouzwa: negativu, ile filamu ambayo picha hutolewa. Mteja alilipia karatasi akaenda nayo nyumbani. Negativu ikabaki dukani. Hakuna aliyemlipa mwenye duka kodi ya rafu. Angeweza kuitupa siku ya pili. Akiiweka mwaka, akaiweka miaka ishirini, hapo huwa ameshatoka kwenye biashara na kuingia kwenye amana, na amana ni mzigo ambao hata mwenye nao wakati mwingine hajui kama anao. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi waliondoka Unguja. Wapo walioishia Muscat, wapo walioishia London, na si kila aliyeondoka alipata nafasi ya kufungasha albamu. Fikiria mtu anazeeka Oman huku uso wake wa miaka kumi na minane umelala Shangani ndani ya bahasha.

Kuutunza uso huo pwani ni vita. Picha ya zamani imeshikwa na jelatini iliyochanganywa na chembe za fedha (fedha yenyewe, ile ya bangili), na ukungu huipenda jelatini kama sisimizi wanavyopenda sukari guru. Masika yakiingia, bahasha hugandana. Filamu za asetati zikianza kuoza hunuka siki, na ukisikia harufu hiyo kabatini ujue umechelewa. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, kuta zikaandikwa, milango ikaandikwa. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na anayetaka kujua lilivyosimama kabla ya hapo hana budi kurudi kwenye picha. Watunza madroo tunawakumbuka siku kama hizo tu.

Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa na namna yake. Alikata picha kwa mkasi, akazibandika upya, sura ya mtu ikachomoza ndani ya petali za ua. Wapo watakaosema huo si ushahidi wa chochote. Kwangu ni ushahidi wa watu walichokitamani, na hilo halimo kwenye faili lolote la serikali.

Katika mji niliokulia, studio ya mtaa wetu ilifungwa mzee alipofariki. Wenye nyumba walitaka chumba chao, na masanduku ya negativu yakapelekwa jalalani. Sisi watoto tuliyafikia kabla ya moto. Tuligundua kwamba ukibana negativu moja jichoni unaweza kulitazama jua, basi mchana mzima tukalitazama jua kupitia majirani zetu: bibi harusi mwenye uso mweusi na meno meusi, wazee wenye ndevu za makaa, mtoto uchi juu ya kiti. Yangu ilikuwa na mwanamke aliyeshika mkoba. Nadhani nilimjua. Jua lilipotua nikaitupa mtaroni, nikakimbilia nyumbani kabla ya magharibi kuadhiniwa.