Sifa ya Pipa Linalonuka

Mchanga wa kisiwa cha Mafia haukatai kitu. Umwagie maji, utayanywa. Utilie mbolea ya dukani, utaipokea. Kisha masika ishuke kati ya Machi na Mei, na vyote viende zake chini kusikofikiwa na mzizi wa mchicha. Mtu wa Mbeya au Kilimanjaro, aliyezoea udongo unaoganda kwenye jembe, akianzisha bustani Kilindoni hushangaa msimu wa kwanza. Mboga zinachipua vizuri, zinakolea kijani, halafu wiki chache baadaye zinapauka bila mdudu wala ugonjwa. Zililishwa siku moja zikavimbiwa, na siku zilizobaki zikalala njaa.

Sababu yake inaeleweka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ikiingia kwenye udongo wenye joto na unyevu, urea haikai siku nyingi kabla ya kugeuka amonia, kisha naitreti. Amonia ikiwa ndani ya maji ya udongo hushikwa na mfinyanzi au na mboji, na mchanga mtupu hauna hiki wala kile. Naitreti nayo haishikwi hata na mfinyanzi. Inakwenda na maji popote yaendako. Na pale ambapo jiwe la matumbawe limekaribia uso wa ardhi, kama kisiwa jirani cha Jibondo na sehemu za kisiwa cha Juani, udongo una chokaa nyingi, kwa hiyo urea iliyomwagwa juu bila kufukiwa hupotea hewani ikiwa gesi. Mkulima anaibiwa kwa chini na kwa juu. Aliyetunga methali ya haba na haba alikuwa na kibaba kisichotoboka; sisi wa mchangani kibaba chetu kinavuja, na mwenye kibaba kinachovuja hajazi mara moja akaondoka. Anatia kidogo, anarudi tena.

Hapo ndipo ninapoisifia chai ya mboji, yale maji ya rangi ya kahawia yanayolowekwa mboji au samadi ndani ya pipa, yakakorogwa, yakachujwa, yakanyweshwa mimea. Sifa yake kubwa ni ile ambayo wanaoibeza huitaja kama aibu: ni nyepesi. Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, amekuwa akiwaambia watunza bustani kwa miaka mingi kwamba ushahidi wa maajabu ya chai hii ni mdogo kuliko kelele zake. Nusu ya maneno yake nayakubali. Ndoo moja ya chai haina naitrojeni ya kutisha, ni gramu chache tu, na anayetarajia kuimwaga mara moja aone bamia zimepaa ajiandae kununa. Lakini wengi wanaobishana juu yake wako kwenye nchi za baridi zenye udongo mzito, ambako chakula cha mwezi mzima kinaweza kuwekwa siku moja kikangoja. Hapa kwetu kinachofaa ni hicho hicho kidogo, kikirudi kila wiki, kwa kiasi ambacho mzizi unakimaliza kabla mvua haijakichukua.

Wazee walikuwa na njia nyingine. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza, alifika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, na katika kitabu chake cha mwaka 1975 alieleza kwa kirefu jinsi watu walivyofyeka pori, wakalima, kisha wakaliacha lipumzike na kuhamia pengine. Pori ndilo lililokuwa kiwanda cha mbolea: majani yanaanguka, yanaoza, mchanga unapata kiini. Ilikuwa hesabu nzuri kwa shamba la mwituni. Kwa bustani ya matuta sita nyuma ya nyumba, kati ya choo na mpapai, hakuna pa kuhamia. Lile pori inabidi uliozeshe mwenyewe, kwa mkono, ndani ya shimo na pipa.

Tusidanganyane, shimo ndilo linalotangulia. Chai bila mboji ardhini ni mchuzi bila ugali, na hili walimu wa haraka haraka hawapendi kulisema. Mboji iliyoiva ndiyo inayoupa mchanga kitu cha kushikia maji na chakula. Chai inafanya kazi ya kulisha katikati, wakati mboji ikiendelea kuvunjika polepole. Mafia mali ghafi si tatizo. Ng'ombe wanachungwa chini ya minazi, kwa hiyo samadi ipo kwa anayeamka mapema kuizoa. Majani ya mikorosho yanajaza uwanja. Makumbi ya nazi yanazagaa hadi yanakwaza watu. Hayaozi upesi, lakini ukiyafukia chini ya tuta yanakaa yakinyonya maji na kuyatoa taratibu. Mwani unaosukumwa ufukweni una potasiamu nyingi, ila uache kwanza upigwe na mvua kadhaa, maana chumvi yake itaua ulichokusudia kukikuza.

Utengenezaji wenyewe mtu anaweza kuueleza kwa pumzi moja: tia mboji iliyoiva ndani ya kiroba, funga mdomo, kining'inize ndani ya pipa la maji, koroga, ngoja, chuja. Ufundi umejificha kwenye neno "ngoja". Niliwahi kumwuliza bibi mmoja wa kijiji cha Baleni, ambaye mchicha wake unauzwa kabla haujang'olewa, chai yake huilaza siku ngapi.

"Siku ngapi?" alinirudishia, akiendelea kukoroga kwa mti wa mkoko. "Hebu niambie kwanza, mwanangu, wewe pipani umetia nini? Na pipa lako liko juani au kivulini?"

Ana haki ya kuuliza. Kiroba cha samadi mbichi huchukua wiki mbili au zaidi; mboji iliyoiva, ikikorogwa sawasawa, hutosha kwa siku moja na nusu. Na kivuli si suala la starehe. Maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko maji ya nyuzi 10, na vijidudu vilivyomo vinaihitaji zaidi kadiri joto linavyopanda. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinaweka pampu ndogo ya kupuliza hewa, kama ile ya tangi la samaki, na kuhesabu saa kwa utulivu. Huku pipa jeusi likiachwa juani kutwa, pumzi ya humo inakatika kabla ya adhuhuri. Basi bibi yule ameliweka lake chini ya mwembe, analikoroga asubuhi, mchana na jioni, na anakoroga kwa namna yake: anazungusha mpaka katikati panafanyika shimo, kisha anageuza mkono ghafla kurudi alikotoka, na maji yanavurugika na kutoa povu. Katika kule kuvurugika ndimo hewa inamoingia. Anayezungusha upande mmoja tu, kama anayekoroga uji ili usigande, anachosha mkono bure.

Kisha anainama na kunusa. Hakuna kipimo kingine pale, wala hakihitajiki. Chai iliyo hai inanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na harufu hiyo ina chanzo kinachojulikana: kemikali iitwayo jeosmini, inayotolewa na bakteria wa udongo, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chembe. Ikianza kunuka yai viza, oksijeni imekwisha na kundi jingine la vijidudu limeshika hatamu. Ikichoma pua kama zizi lililofungwa, amonia inatoka, yaani chakula kinapaa. Samadi mbichi inaponuka ni ada yake, ivumilie, izimue kwa maji mara mbili au tatu zaidi na uimwage ardhini mbali na mashina. Mboji iliyoiva haina udhuru wa kunuka vibaya. Ikinuka, bibi huipeleka kwenye migomba, ambayo haichagui.

Yapo mapishi mengi yanayofika kisiwani kwa simu na kwa semina, na mengine yanastahili kukaguliwa kabla ya kupikwa. Jivu, kwa mfano. Kule bara, kwenye udongo wenye asidi, kiganja cha jivu ni dawa. Ukilitia kwenye bustani iliyokaa juu ya matumbawe unaongeza chokaa juu ya chokaa, na mimea itakujibu kwa majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo udongoni ila kimefungwa, na moja ya kazi nzuri za mboji na chai yake ni kwamba asidi zake hukikamata na kukifikisha kwenye mzizi kikiwa katika hali ya kunyweka. Hapo nimeona tofauti kwa macho, hasa kwenye nyanya, na ndiyo sababu sikubaliani na nusu ya pili ya maneno ya Chalker-Scott.

Sukari ni jambo jingine. Jeevamrutha, pishi la Kihindi lililosambazwa na Subhash Palekar, linatia kilo 2 hivi za sukari guru kwenye pipa la lita 200, pamoja na kinyesi na mkojo wa ng'ombe, unga wa jamii ya kunde na kiganja cha udongo. Watu wa Mafia wenye akili ya kutumia kilichopo wanaweka maji ya nazi, yale yanayomwagwa jikoni nazi inapovunjwa kwa ajili ya kukuna. Si wazo la kuchekwa. Maji ya nazi yana sukari na potasiamu, na tangu mwaka 1941, Johannes van Overbeek na wenzake walipoyatumia kukuzia viini vya mimea maabara, wanasayansi wanajua kwamba yana vichocheo vya ukuaji. Tatizo ni kwamba sukari haibagui anayekula. Inawanenepesha vijidudu wema, na inawanenepesha pia wale wa kuharisha kama walikuja na samadi. Jopo lililoundwa na bodi ya kilimo hai ya Marekani lilionya juu ya jambo hilo hilo mwaka 2004. Kwa hiyo chai ya samadi, na chai yoyote iliyotiwa kitu kitamu, mahali pake ni ardhini, kwenye mizizi, kabla mboga haijakaribia kuvunwa. Usiinyunyizie kachumbari. Mchicha na tembele vinapikwa, lakini matango, figili na nyanya watu wanazila mbichi, watoto wanazichuma na kuzitafuna papo hapo bila kuosha, na sifa zote ninazoimwagia chai hii hazifidii mtoto mmoja aliyelazwa.

Kumwagilia nako kuna wakati wake. Saa kumi na moja jioni, jua likishapoa, baada ya tuta kuloweshwa maji ya kawaida. Mchanga mkavu unapitisha chai haraka kama tundu, mchanga mbichi unaishikilia kidogo. Kopo moja kwa kila shina la bilinganya, na kwa mchicha mstari mwembamba katikati ya mistari. Maji ya kutengenezea yawe ya mvua au ya kisima kitamu. Visima vilivyo karibu na pwani vina munyu, na munyu unajilimbikiza juu ya tuta msimu wa kaskazi, wakati jua linapokausha kuliko mvua inavyosafisha. Kwa watu wa Jibondo, ambako maji matamu ni shida ya kudumu, sithubutu kupendekeza pipa la lita 200 la kitu chochote isipokuwa la kunywa. Wao watie mboji moja kwa moja kwenye shina, wafunike kwa makumbi.

Kinachovuja bustanini hakiishii chini. Jiwe la matumbawe lina matundu, na maji yake yana njia ya kufika baharini. Ghuba ya Chole imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, na matumbawe hayapendi mbolea: ikizidi, mwani mdogo unastawi juu yake na kuyafunika. Bustani za kisiwani ni chache na ndogo, sitaki kuzitia lawama zisizozistahili. Bado nafurahi kuona chakula cha mchicha kikiliwa na mchicha.

Sokoni Kilindoni nyanya na vitunguu vingi huvuka kwa vyombo kutoka Nyamisati, pwani ya bara, na kusi ikichafuka vyombo vikakaa, fungu la nyanya linapanda bei mpaka watu wanarudi kwenye mchuzi wa nazi na ndimu. Wakati huo wenye mapipa ndio wenye mboga. Kijana mmoja mwenye duka la pembejeo alinieleza mpango wake wa kuijaza chai kwenye chupa za lita moja, abandike lebo, auze. Biashara nzuri, ila bidhaa haikubali. Chai iliyokorogwa ikashiba hewa ni ya kutumiwa siku ile ile. Ukiifunga kizibo, vilivyomo vinamaliza oksijeni, na mnunuzi wa kesho atafungua yai viza. Yule bibi wa Baleni nilipompelekea habari hizo alicheka sana. Akaninyooshea kiroba kilichokwisha kazi, bado kinachuruzika, akaniambia nikakung'ute mabaki yake kwenye shimo la mboji, halafu nije nimshikie kingine afunge.