Kutu ya Ndani Hupimwa kwa Mwangwi

Ukiteremka kutoka milima ya Minembwe hadi Baraka unafika Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo linajua chuma kinavyoweza kudumu. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na mwaka 1997 ikasaidia kurudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000.

Lakini fundi anajuaje kama bamba lenye rangi nzuri nje halijaliwa kwa ndani? Zamani aligonga kwa nyundo, na penye shaka akatoboa. Siku hizi hutumia kifaa cha mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Kichwa cha kifaa hubanwa kwenye bamba. Mawimbi hupenya chuma kwa kasi ya karibu mita 5,900 kwa sekunde, hugonga upande wa pili na kurudi. Zidisha kasi kwa muda, gawanya kwa mbili: huo ndio unene.

Ugumu uko kwenye maandalizi. Hewa huzuia mawimbi, kwa hiyo jeli hupakwa kwanza. Ndani ya rangi sauti huenda polepole, na kifaa huihesabu rangi kama chuma: rangi ya milimita 1 yaweza kuongeza zaidi ya milimita 2 za uongo. Basi rangi ikwanguliwe, au kifaa kipime muda kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili wa upande wa nyuma. Vishimo vya kutu navyo hutawanya mawimbi. Hapo pointi za kupima ziwe karibu karibu. Na kabla ya yote, kifaa kijaribiwe kwenye chuma cha aina ileile ambacho unene wake unajulikana.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakionyeshi mwendo wa kutu. Tuseme bamba lilisoma milimita 10.0, na baada ya miaka minne, palepale, likasoma 9.2. Linapoteza 0.2 kwa mwaka. Kikomo cha chini cha unene kikiwa 7.5, limebakiza miaka minane na nusu, kutu isipoongeza kasi. Ukipima mahali pengine, hesabu hiyo yote imeharibika.

Kwa hiyo, mwenye boti ya chuma, tangi la mafuta au bomba la maji huko Baraka asiridhike na kumwita mpimaji tu. Adai daftari lenye mchoro, pointi zilizotiwa alama, tarehe na namba, na alitunze hadi ukaguzi unaofuata.