Adabu ya Tela

Kukokota gari juu ya tela la kukodi ni ufundi usio na shule wala cheti. Nchini Marekani, mtu anayehama jimbo huamka akiwa mhasibu au muuguzi, na kufika adhuhuri yuko barabara kuu na SUV yake, nyuma yake tela, na juu ya tela gari la pili. Leseni mfukoni ni ileile ya kila siku. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ya siku moja au mbili, hakuna anayeiita ufundi. Mimi naiita, tena naisifu.

Kwamba mtu wa kawaida anaweza kuifanya kumetokana na usumbufu wa familia moja. Mwaka 1945, Leonard Shoen na mkewe Anna Mary walihama kutoka Los Angeles kwenda Portland wasipate tela la kukodi ambalo wangeliacha mwisho wa safari. Ndipo wakaanzisha kampuni ya U-Haul huko Ridgefield, jimbo la Washington: lichukue hapa, liache kule. Tangu hapo chuma kinakodishwa kwa yeyote. Ujuzi wa kukikokota kila mmoja huenda nao mwenyewe.

Ujuzi huo huanza na mizani. Tela la kubebea gari lina uzito wa karibu tani moja likiwa tupu. Pandisha saluni ya kilo 1,400, na SUV inavuta kilo 2,400. Wengi huuliza injini ina nguvu kiasi gani. Fundi huuliza uzito umekaa wapi. Kanuni ni kwamba walau sehemu moja ya kumi, yaani kilo 240 hivi, ilalie pale tela linaposhikana na gari. Ndiyo maana saluni hupandishwa ikitazama mbele, kwani magari mengi yamebeba injini puani. Hamali wa mkokoteni pale Kariakoo anayajua haya bila kipimo: magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni humnyanyua; yakilemea mbele kupita kiasi, humvunja mgongo. SUV nayo ikilemewa hukaa kitako, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, na usukani ukapoteza usemi.

Baada ya mizani huja mikono. Kikombe cha tela hukalishwa juu ya tufe la chuma la SUV na kufungwa, kisha mwenye busara hukinyanyua kwa jeki kuhakikisha kimeshika kweli. Minyororo miwili hupitishwa chini kwa kupishana, ili kikombe kikichomoka, mkono wa tela uangukie juu yake usichimbe lami. Waya wa taa huchomekwa, na taa za breki na za kuashiria hukaguliwa. Mikanda huzungushwa juu ya magurudumu ya mbele ya saluni na kukazwa. Baada ya kilomita chache dereva husimama kuikaza tena, maana gari lililotikiswa na barabara hujikalia upya na mkanda ukalegea.

Barabarani, mfano mzuri ni Grapevine, kaskazini mwa Los Angeles, mahali ambapo barabara ya I-5 hupita kilele cha Tejon kisha kushuka kwa mteremko wa asilimia 6 hivi. Upande wa kupanda, mabango huwashauri madereva wazime kiyoyozi injini isichemke. Upande wa kushuka, fundi huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini imsaidie kuzuia. Sheria ya California huwawekea wote wanaokokota kikomo cha maili 55 kwa saa, yapata kilomita 88. Wengine wote humpita, naye huwaacha wapite.

Siku tela likianza kuyumba, hapo ndipo ufundi hupimwa. Moyo huamuru: kanyaga breki, au zungusha usukani ulinyooshe. Vyote viwili huongeza balaa. La kufanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kushika usukani ukiwa umenyooka, na kuacha mwendo upungue wenyewe. Mwenda pole hajikwai, wahenga walinena. Hapa methali ina fizikia yake, kwa sababu mayumbo hukua kadiri mwendo unavyokua.

Kurudi nyuma nako kuna ukaidi wake: ukikata usukani kulia, tela huenda kushoto. Wazoefu huweka mkono chini ya usukani na kuusogeza upande wanakotaka tela liende. Husogea kidogo, husimama, hushuka kutazama, hupanda tena. Asiyeona haya kushuka mara tano hafiki ukutani.

Matangazo ya magari husifu tani ambazo SUV inaweza kuvuta, kana kwamba kazi yote ni ya injini. Ukichunguza, karibu kila tendo jema katika kazi hii ni la kujizuia: usipakie nyuma, usikimbie, usishtukie breki, usione haya kusimama. Nguvu huja na gari. Kujizuia hakuji na mkataba wa kukodi. Anayekuwa nako hufika amechelewa, mikanda yake imekaza, naye hana kisa cha kusimulia. Apewe sifa zake kwa hilo hasa.