Hesabu ya Pumzi Kileleni Everest

Tarehe 8 Mei 1978, Reinhold Messner wa Italia na Peter Habeler wa Austria walifika kilele cha Everest, mita 8848, bila mtungi wa oksijeni. Mwaka 1924 Edward Norton, naye bila mtungi, aliishia karibu mita 8570. Kipande hicho kisichotimia mita 300 kilisubiri miaka 54, na wako wataalamu walioapa kwamba hakipitiki.

Waliwezaje? Wengi hujibu kwamba ni damu. Kweli, chembe nyekundu huongezeka mtu akikaa juu, lakini huchukua majuma, na damu ikiwa nzito kupita kiasi huuelemea moyo. Kwangu mimi, jibu lenyewe liko kwenye pumzi.

Ushahidi ulipatikana Oktoba 1981. Daktari Christopher Pizzo, wa msafara wa utafiti wa Marekani ulioongozwa na John West, alipanda na vifaa hadi kileleni, akapima mgandamizo wa hewa na kukusanya hewa aliyoitoa kifuani mwake. Mgandamizo ulikuwa milimita 253 za zebaki, theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari. Ukitoa mvuke wa maji unaojaa njia ya hewa, sehemu ya oksijeni inayovutwa ni milimita 43 tu. Pwani ni kama 149.

Sasa tazama hesabu. Ndani ya mapafu oksijeni hugombea nafasi na hewa ya ukaa, ambayo kwa mtu wa kawaida ni milimita 40. Ingebaki 40 kule juu, oksijeni ingekosa nafasi kabisa, na mtu angekufa. Ya Pizzo ilikuwa 7.5. Alihema kwa kasi na kwa kina hata akaifukuza karibu yote, oksijeni ikapata kama milimita 35. Uhai wake wote ulikuwa katika tofauti hiyo.

Mgeni aliyetoka bondeni jana hawezi kuhema hivyo. Hewa ya ukaa ikipungua, damu inakuwa ya alkali, na ubongo unaizuia pumzi. Anayefungua kizuizi hicho ni figo, kiungo ambacho hakuna anayekisifia mlimani: hutoa bikaboneti kwenye mkojo, kidogo kidogo, siku baada ya siku, na pumzi huruhusiwa kupanda tena. Kileleni hata figo zilizidiwa. pH ya damu ya Pizzo ilikadiriwa kupita 7.7. Ajabu ni kwamba alkali hiyo iliisaidia himoglobini kuishika oksijeni kwa nguvu zaidi ilipopita mapafuni.

Wala waliopanda bila mtungi hawakuwa na vifua vya miujiza. Wapandaji sita waliowahi kupita mita 8500 bila mtungi walipimwa baadaye, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukaonekana kuwa chini ya ule wa wakimbiaji bora wa masafa marefu.

Mapema mwaka uleule wa 1978, Messner alikuwa Kilimanjaro akipanda ukuta wa Breach. Mlimani hapo waongozaji huwaambia wageni "pole pole" tangu getini, na wanachokilinda ni muda wa figo. Vidonge vya Diamox ambavyo wageni wengi humeza njiani hufanya kazi kwenye figo hizohizo: huzisukuma zitoe bikaboneti mapema, ili usiku, kambini, pumzi isizuiwe.