Kilichowabakiza Wasichana kwenye Uhandisi

Vyuo vingi vina utaratibu wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne kumlea mwenzake wa mwaka wa kwanza, na karibu kila chuo kitakwambia utaratibu wake unafanya kazi. Uliza wamejuaje. Utaonyeshwa picha za siku ya kugawa vyeti na fomu za maoni zilizojaa "nimejifunza mengi". Huo si ushahidi. Anayejitokeza mwenyewe kuomba mlezi mara nyingi ndiye yule ambaye angefika mwisho hata bila kulelewa, kwa hiyo kumlinganisha na mwenziwe asiyejitokeza ni kujidanganya.

Ndiyo maana jaribio la Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, lililochapishwa mwaka 2017 na Tara Dennehy na Nilanjana Dasgupta katika jarida la PNAS, linafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Matokeo yake yalitangazwa sana. Namna lilivyopangwa haikuzungumzwa vya kutosha, na mimi naona huko ndiko kuliko na la kujifunza.

Walianza na wanafunzi wa kike 150 waliokuwa wanaingia uhandisi, fani ambayo nchini Marekani wanawake ni karibu mmoja tu kati ya wahitimu watano. Kila mmoja aliwekwa kwa bahati nasibu katika kundi moja kati ya matatu. Wa kwanza walipewa mlezi wa kike, wa pili mlezi wa kiume, wa tatu hawakupewa mlezi kabisa. Walezi wenyewe walikuwa wanafunzi wa uhandisi wa miaka ya juu. Ulezi ulidumu mwaka mmoja wa masomo, basi. Lakini watafiti hawakufunga daftari mwaka ulipokwisha. Waliendelea kuwafuatilia wasichana wale baadaye.

Bahati nasibu iliondoa lile tatizo la wenye bidii kujichagua. Kundi lisilo na mlezi linawakera wengi wanaoendesha miradi, maana linaonekana kama kumnyima mtu haki yake. Hata hivyo, walezi wanapokuwa wachache kuliko wanaowahitaji, kuna atakayekosa tu. Swali ni kama atakosa kwa kura ya wazi au kwa sababu hakumfahamu mtu ofisini.

Kundi ninalolipenda zaidi ni lile la walezi wa kiume. Bila hilo, tungejua tu kwamba kuwa na mkubwa wa kumuuliza ni bora kuliko kukosa. Kwa kuliweka, watafiti waliweza kuuliza jambo jingine: je, inatosha mlezi awe amekutangulia tu, au inabidi awe mtu unayeweza kujiona ndani yake?

Mwisho wa mwaka wa kwanza, wasichana wote waliokuwa na mlezi wa kike walikuwa wangali kwenye uhandisi, asilimia 100. Wasio na mlezi walibaki asilimia 89. Wenye mlezi wa kiume, asilimia 82.

Takwimu hiyo ya mwisho imewafanya baadhi ya watu kusema mlezi wa kiume anadhuru. Taratibu kidogo. Ukigawa watu 150 kwa makundi matatu, kila kundi lina watu wapatao 50, na tofauti kati ya 89 na 82 ni watu watatu au wanne hivi. Watu wanne hawatoshi kuwahukumu wanaume wote. Kinachobeba uzito ni kwamba katika kundi la kwanza hakutoka hata mmoja, na kwamba hisia walizoeleza wasichana hao zilikwenda njia moja na takwimu hiyo.

Kwenye hisia ndiko matarajio ya wengi wetu yanakovunjika. Tumezoea kuamini kwamba mwanafunzi huacha fani kwa sababu alama zimemshinda, na kwamba mlezi ni kama mwalimu wa tuisheni asiyelipwa. Lakini katika mwaka ule wa kwanza alama hazikuhusiana na nani alibaki na nani aliondoka. Vilivyohusiana ni viwili: kujiona uko mahali pako, na kuamini kwamba unaweza. Tena, mlezi wa kike hakuvipandisha vitu hivyo juu sana. Alivizuia visiporomoke, wakati kwenye makundi mengine vilikuwa vinashuka. Dasgupta mwenyewe hueleza nadharia yake kwa mfano wa chanjo, na mfano huo unakaa sawa kabisa: chanjo haimwongezei mtu nguvu, inamkinga na kitu kinachokuja.

Ili kuona kinga hiyo inavyofanya kazi, chukua swali la kawaida la statiki ya mwaka wa kwanza. Boriti imelazwa juu ya nguzo mbili, ina mzigo karibu na upande mmoja. Tafuta kila nguzo inabeba kiasi gani. Fresha anajumlisha kani za wima, anapata mlinganyo mmoja wenye vitu viwili asivyovijua, anakwama hapo nusu saa. Mwenziwe wa mwaka wa tatu anamwambia apige momenti kwenye nguzo mojawapo: kani ya nguzo hiyo inatoka kwenye hesabu kwa kuwa umbali wake ni sifuri, inabaki moja, swali limekwisha.

Ujanja huo umo kwenye madesa yote. Kisichomo ni maneno yanayofuata, dada wa mwaka wa tatu akicheka: "Usijali, mimi hii nilipata sapu." Kabla ya hapo fresha yule alikuwa akikuchukulia kule kukwama kwake kama barua ya kumwambia arudi nyumbani. Kijana wa kiume aliyekaa pembeni naye amekwama vilevile, ila akiinua macho anaona darasa zima la watu kama yeye, hana sababu ya kushuku kiti chake.

Hiyo haina maana kwamba kusaidiana hakuinui alama. Uri Treisman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, aliwafuatilia wanafunzi wa kalkulasi na kuona kwamba wale wenye asili ya China walikuwa wakikaa pamoja kukagua kazi zao, huku wanafunzi Weusi, waliokuwa na bidii isiyopungua, wakisoma peke yao. Akaanzisha vikundi vya kupambana na maswali magumu, na matokeo ya wanafunzi hao yakapanda. Lakini hicho ni chombo kingine chenye kazi nyingine. Chuo kinachoanzisha ulezi kisha kikaupima kwa wastani wa alama kitauvunja bure.

Mwaka 2022 timu ya Dasgupta, safari hii akiwa na Deborah Wu na Kelsey Thiem, ilichapisha ufuatiliaji wa wasichana walewale hadi baada ya kuhitimu. Manufaa ya mwaka mmoja wa mlezi wa kike yalikuwa bado yanaonekana: katika hisia zao, katika kupata nafasi za mafunzo kazini, na katika kumaliza shahada za sayansi na uhandisi. Ni gharama ndogo mno kwa matokeo hayo.

Je, tuibebe asilimia 100 tuilete Dar es Salaam au Nairobi? Hapana, si hivi hivi. Marekani mwanafunzi hubadili fani kwa urahisi, kwa hiyo kubaki ni kipimo kizuri. Kwetu kuhama programu si rahisi. Msichana aliyekata tamaa anaweza kubaki kwenye orodha mpaka adisko, au ahitimu halafu asiiguse fani tena. Hapa tungepima mengine: nani anahudhuria maabara, nani anaomba mafunzo kwa vitendo kiwandani, nani anajisajili kama mhandisi baada ya shahada.

Tanzania tunao tayari utaratibu mzuri wa kumweka mhandisi chini ya uangalizi: mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003. Lakini huo unampokea mtu akiwa na shahada mkononi. Jaribio la Amherst linaonyesha kwamba miezi ya kwanza chuoni nayo inahitaji mtu wa kumpokea.

Kuna hatari moja isiyosemwa. Pale wasichana wa miaka ya juu ni wachache, walewale ndio wataitwa kulea, kuhutubia siku ya wanawake na kupigwa picha na wageni, huku mradi wao wa mwisho ukisubiri. Walipwe, hata posho ndogo, au kazi hiyo iingie kwenye hati yao ya matokeo.

Kwa hiyo, mkuu wa idara, kama una walezi kumi na fresha wa kike thelathini, usisubiri mfadhili. Piga kura ya karatasi wiki ya kwanza mbele yao wote, andika nani amepata na nani amekosa, na mwisho wa mwaka waulize wote thelathini, si wale kumi peke yao.