Mwiba wa Karaba

Zinapotajwa filamu za katuni zinazowafaa watoto, wengi wetu hutaja za Marekani. Mimi ningeanza na "Kirikou et la Sorcière" ya mwaka 1998, kazi ya Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi Guinea utotoni. Muziki wake ni wa Youssou N'Dour. Huko Ufaransa ilipendwa sana. Lakini katika nchi za Kiingereza wasambazaji walisita, kwa kuwa wanawake wa kijijini wamechorwa vifua wazi. Waliona vifua, hawakuliona swali.

Kijiji kizima kinamwogopa mchawi Karaba. Kirikou, mtoto mdogo kuliko wote, ndiye pekee anayeuliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Babu yake anamweleza kuwa wanaume walimchoma mwiba wa sumu mgongoni. Kirikou hamwui. Anaung'oa mwiba kwa meno, na uchawi unakwisha.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na fimbo niliitumia. Wanafunzi watukutu niliwauliza walichokosa, sikuwauliza kinachowauma. Nawasihi walimu vijana waitazame filamu hii mapema kuliko mimi.