Kuifundisha Mashine Kukiri

Saa nane mchana, mawingu yakianza kujaa upande wa Mumias, fundi ninayetaka kumsifu huwa ameshazima mashine na kuchomoa waya ukutani. Mkazi wa Shianda hahitaji kuelezwa kwa nini. Radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria tunazijua. Lakini nimekaa naye jioni kadhaa katika saiba yake, na kinachomnyima usingizi si radi. Radi husikika. Yeye anawinda kosa lisilo na sauti.

Mashine yake ni ya mtumba, yenye prosesa ya Xeon na memori inayoweza kujirekebisha biti moja ikigeuka. Juu ya Linux amepanga mashine pepe tatu: ya kwanza ya wateja wanaokuja kujaza fomu za kodi, ya pili inatunza alama za wanafunzi wa shule jirani, na ya tatu haina kitu. Hiyo tupu ndiyo karakana yake.

Biti kugeuka si hadithi ya kutishia watu. Mei 2003, katika uchaguzi wa Schaerbeek, Ubelgiji, kompyuta ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Ziligunduliwa kwa sababu tu zilizidi kura alizoweza kupata. Andika mbili mara kumi na mbili, uzizidishe zote pamoja, utafika kwenye namba hiyohiyo: mahali palipokuwa na sifuri palisimama moja. Wachunguzi hawakupata kosa katika programu. Sasa fikiria biti hiyo ikigeuka katika alama za mtoto, pasiwe na wa kushuku.

Prosesa yenyewe ina njia ya kusema. Tangu Pentium Pro ya 1995, prosesa za Intel zina benki za rejista zinazoandika makosa, na rejista ya hali katika kila benki ina biti 64. Kijana huyu huzisoma kama muuguzi anavyosoma kadi ya mgonjwa. Biti ya 63 inasema kuna habari. Ya 61 inasema kosa halikurekebishika. Ya 57 ndiyo anayoiogopa: prosesa haijiamini tena, na hapo keneli, kiini cha mfumo endeshi, haina budi kusimamisha kila kitu.

Makosa yaliyorekebishwa keneli huyapitia kila sekunde 300. Ikikuta kosa, hupunguza muda huo nusu. Pakitulia, huurefusha tena hadi kiwango chake. Hapo fundi wangu hagusi kitu. "Waliopanga hii walifikiri, mzee," aliniambia. Anachokataa kabisa ni ule ushauri wa kuandika mce=off wakati wa kuwasha, eti ujumbe wa makosa usijaze kioo. Namuunga mkono kwa moyo wote. Huko ni kumziba mlinzi mdomo ili ulale vizuri.

Ustadi wenyewe nauona kwenye mashine pepe. Kosa lisilorekebishika likiangukia memori ya mgeni, yaani mashine pepe, keneli ya mwenyeji, yaani mashine halisi, huutenga ukurasa wa memori ulioharibika na kuipa ishara QEMU, programu inayoendesha mashine pepe. QEMU hutafuta anwani ile inaitwaje upande wa mgeni, kisha huliamsha kosa lilelile humo ndani. Mgeni anapokea habari mbaya kwa anwani anayoielewa, na huweza kuitoa kafara programu moja tu iliyotumia ukurasa huo. Wengine wanaendelea na kazi. Nani aambiwe, nani asimame, nani asisumbuliwe: kazi yote imo humo.

Haamini mpaka ajaribu. QEMU ina amri iitwayo mce, ya kupandikiza kosa la bandia. Jioni moja alilipandikiza katika mashine ile tupu, biti ya 57 ikiwa imesimama, na mgeni akaanguka papo hapo. Akaiwasha upya, akaishusha biti ile, akajaribu tena taratibu, namba kwa namba. Safari hii mgeni aliandika taarifa, akatenga ukurasa mmoja wa baiti 4,096, akaendelea. (Ndiyo, namba ya Schaerbeek tena.)

Kisha akafanya jambo lililonifanya niandike haya. Alisoma rejista ya uwezo ya prosesa halisi, biti ya 24, inayosema kama chuma chenyewe kinaweza kunusurika namna hiyo. Akakuta sifuri. Mashine pepe zake zinadai zinaweza. Chuma kilichozibeba hakiwezi. Angeweza kunyamaza, maana jaribio lilikuwa limefaulu. Badala yake alimwendea mwalimu anayetunza alama, akamwambia: "Mwalimu, likija kosa kubwa hii itasimama yote. Nakala ya alama iwe pia nje ya hapa, kila jioni."

Ikisimama hivyo, keneli husubiri sekunde 30 na kujiwasha upya. Inapoamka husoma benki zile kabla ya kuzifuta, kwa hiyo kilichoiangusha kinaweza kujulikana, mradi umeme haukukatwa katikati. Ndiyo maana juu ya soketi amebandika karatasi yenye mistari miwili ya kalamu nene: "Radi: zima, chomoa. Ikijizima yenyewe: usichomoe, niite."